Pikipiki Iliyochoka Wakati wa Kurudi

Kwenda ilikuwa inaruka, kurudi ilikuwa inakohoa. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza mafundi wawili, mkuu wangu wa kazi, na kila aliyekubali kunisikiliza pale Kibondo mwaka 2013, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Fundi wa kwanza alicheka mpaka akakaa juu ya tairi bovu.

"Dada yangu, pikipiki haijui kwenda wala kurudi," aliniambia. "Yenyewe inajua barabara tu."

Nilimwambia acheke taratibu, asije akaumwa mbavu halafu nikatafutiwa lawama nyingine. Zangu zilikuwa zimenitosha.

Mimi nilikuwa bibi shamba. Nimezaliwa Tanga, nikasomea kilimo, serikali ikanipanga Kibondo, na mama yangu aliposikia aliuliza kama huko kuna watu. Wapo, tena wa kutosha, na wana vilima vya kutosha. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia vijiji vya upande wa Busunzu. Katika kijiji kimoja kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wakilima shamba darasa la muhogo, kwa sababu muhogo wa kule ulikuwa umeshikwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa mbaya ule, hauna haya. Shina linapendeza, majani yanapendeza, unang'oa kwa furaha, ukikata muhogo wenyewe unakuta ndani umeoza. Niliwapelekea mbegu inayovumilia, tukaipanda pamoja, na kila wiki nilitakiwa kwenda kuitazama. Bila pikipiki, kufika huko ni kudandia lori la mkaa, na kurudi ni hapo Mungu atakapopenda.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya ofisi, si mpya, lakini ilikuwa na nguvu zake. Nikitoka Kibondo asubuhi inapanda milima gia ya tatu bila kunung'unika. Jioni nikirudi, milima ileile kwa upande wa pili, nashusha gia: ya tatu, ya pili, ya kwanza, na bado inaguna. Injini inapiga kelele, mwendo hakuna. Halafu ile harufu ya kitu kinachoungua! Na mafuta, jamani, nilikuwa nayaona yakishuka kwenye tangi kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

Mafuta ndiyo yaliyonitia matatani. Sisi maafisa tulikuwa tunapewa mgawo wa mwezi, kila mtu sawa na mwenzake. Wenzangu wanaufikisha mwisho wa mwezi, mimi katikati ya mwezi nimeshapiga hodi kwa mkuu. Mkuu wangu alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mwenye sauti ndogo. Watu wa sauti kubwa siwaogopi, kwa sababu na mimi ninayo. Yeye alikuwa anakuuliza taratibu kama daktari, ukitoka pale unajisikia mgonjwa.

"Mafuta yanakwenda wapi, dada?"

"Kwenye injini, mkuu. Mimi siyanywi."

"Wenzako wana injini pia."

Nilielewa alichokuwa anakizunguka. Pale mjini petroli inauzika kirahisi, vijana wa bodaboda wako kila kona, na si kwamba hakuna mtumishi aliyewahi kuwauzia ya ofisi. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Nilitaka kumjibu jibu ambalo lingenirudisha Tanga wiki ileile. Nikalimeza. Akasema mwisho wa mwezi, kama mambo hayajabadilika, pikipiki atapewa mwenzangu wa mifugo, na mimi nitapangiwa kata ya karibu na mjini, ya kwenda kwa miguu. Mwenzangu wa mifugo, Mungu amsamehe, siku ya pili yake alikuja ofisini na kofia mpya ya pikipiki.

Kwa hiyo nilikuwa nakaribia kupoteza pikipiki, nao wale mama kumpoteza bibi shamba wao, na jina langu lilikuwa linaelekea kuwa la mwizi wa petroli. Usingizi sikuukosa, mimi hulala hata kwenye lori, lakini chakula kilikuwa hakinipiti vizuri.

Nikarudi kwa yule fundi wa kwanza. Alikuwa kijana wa Ujiji mwenye maneno mengi na mikono safi kuliko kazi yake, na nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuniita "mama" ili anipandishie bei. Alifungua filta ya hewa, ikamwagika vumbi jekundu la kutosha kukandikia banda la kuku. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaukaza mnyororo. Nikamwambia pia kwamba mwendesha baiskeli mmoja alinipigia kelele barabarani, "Mama! Taa yako nyekundu inawaka mchana!" Fundi akakanyaga breki ya nyuma, taa ikawaka. Akaachia, ikazima.

"Inafanya kazi vizuri," alisema. "Ulitaka ifanye nini zaidi?"

Akaipanda, akaikimbiza kwenye ule mlima wa kutokea mjini, akarudi anatabasamu. Nzima kabisa. Nikaenda nayo Busunzu wiki iliyofuata: kwenda ikaruka, kurudi ikakohoa.

Nikapata safari ya Kasulu ya semina, nikasema sasa nitaonana na fundi mkubwa. Yule mzee alisikiliza, akaonja petroli yangu kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema ni hii mnayonunua vijijini kwenye chupa, inachanganywa na mafuta ya taa. Nikamwambia sinunui ya chupa. Akasema basi ni mazoea ya kuendesha. Hapo nilimshukuru kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, nikaondoka kabla hazijaniishia. Na tazama vituko: kutoka Kasulu mpaka Kibondo, njia ndefu na milima yake yote, pikipiki ilikwenda kama imetoka dukani, na tangi likabaki na mafuta. Nilikaribia kuamini kwamba ni kijiji kile kilichokuwa kinairoga.

Na kweli, kwa namna fulani, kilikuwa kijiji kile.

Kuna jambo moja sikulieleza kwa fundi yeyote, wala kwa mkuu. Kule kwa Waha, wenyeji wa Kibondo, mgeni haondoki mikono mitupu. Unaweza kuwa umekula ugali wa muhogo na maharage mpaka unapumua kwa shida, bado ukisema kwaheri utaona watu wanaingia nyuma ya nyumba. Utaondoka na ndizi, maharage, karanga, chupa ya asali, au kuku anayekutazama kwa chuki. Kukataa ni tusi. Na kuna adabu yake: mgeni hasimami kutazama mzigo wake unavyofungwa. Ni kama kuchungulia chungu kabla hakijapakuliwa. Wewe unaagana mbele na mama mwenyekiti wa kikundi, mkono hauachiwi, habari za Tanga zinaulizwa upya kama hazikuulizwa asubuhi, na huko nyuma wengine wanafunga. Wakimaliza wanakusindikiza mpaka barabarani. Wanafunga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu za baiskeli, na wanafunga kwelikweli. Mara ya kwanza walinifungia kwa kulegea, chupa ya asali ikaanguka bondeni, na tangu siku ile mama mwenyekiti mwenyewe ndiye mkaguzi wa fundo.

Mimi mtumishi wa umma, niliyeketi kwenye mikutano nikaambiwa takrima ni ndugu wa rushwa, ningepitaje mbele ya ofisi na mkungu wa ndizi mgongoni mwa pikipiki? Kwa hiyo nilikuwa naingilia uchochoroni. Mama mwenye nyumba wangu, mke wa mwenye duka, ambaye kwao ni Pangani, mkoa wetu wa Tanga, na tuliitana ndugu, alikuwa ananisubiri mlango wa uani na kisu cha jikoni. Anakata mipira krap, krap, tunagawana, na pikipiki inabaki safi kama haijawahi kubeba hata mchicha. Kesho yake ndipo naipeleka kwa fundi.

Sasa wewe msomaji huenda umeshaona. Mimi sikuona, na mafundi wangeonaje?

Wiki ya mwisho ya ule mwezi mkuu aliniambia, "Ijumaa tutakwenda wote. Wewe utatangulia na yako, mimi nitafuata na yangu. Nione mwenyewe."

Tukatoka asubuhi, pikipiki ikaniaibisha kwa kuwa nzima. Ilipanda vilima vyote inaimba. Kwenye kioo nilimwona mkuu nyuma yangu, ametulia, na nikajua anachowaza: hii ndiyo pikipiki mbovu?

Kijijini tulipokelewa vizuri. Mama mwenyekiti alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega ya kulima na kicheko kilichomtoka tumboni. "Mwidiwe!" akatusalimu Kiha, akanivuta kifuani kama mwanawe, akampa mkuu mikono miwili. Nilikuwa nimeshamweleza wiki iliyopita kwamba pikipiki ikichukuliwa sitakuja tena, kwa hiyo siku ile walikuwa wamepika kama harusi, mpaka migebuka, samaki wa Kigoma, ilikuwapo. Tukaenda shambani. Mkuu akachagua shina mwenyewe, lile la katikati, akang'oa, akakata. Muhogo mweupe. Akang'oa jingine, akakata, mweupe. Wale mama walipiga vigelegele, na mimi, sitaki kusema uongo, nilipiga pamoja nao.

"Muhogo sina neno nao," mkuu alisema kwa ile sauti yake. "Mimi nimefuata pikipiki."

Wakati wa kuondoka wakamletea mzigo wake. Akainua kiganja. "Asanteni sana, lakini mimi ni mtumishi. Sipokei."

Mzigo ukabaki mikononi mwa aliyeubeba. Nilitamani ardhi inifunike, nusu kwa aibu ya wenyeji wangu, nusu kwa sababu ya kule kupokea kwangu kwa miezi yote. Mama mwenyekiti alimtazama, akamtazama tena kutoka chini mpaka juu, na ulikuwa mwendo mrefu.

"Sawa, baba. Wewe hatukupi," alisema. "Tunampa binti yetu. Akifika nyumbani akikukumbuka, hilo ni lenu."

Basi vyote vikaja kwangu, vyangu na vya mkuu: mkungu wa ndizi, mfuko wa maharage, dumu la asali, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu na hakuwa amekubali. Mkuu alivihesabu kwa macho. Nikasema moyoni, haya, sasa nina kesi mbili.

Tulipofika mlima wa kwanza ikaanza. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Injini inalia, jogoo analia, mimi nakaribia kulia. Nyuma nikasikia honi. Nikasimama. Mkuu akaja akaegesha kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa imepanda.

"Kwa nini unakanyaga breki ukipanda mlima?"

"Nani anakanyaga breki?"

"Wewe! Taa nyekundu inawaka tangu tulipotoka kijijini. Kumbe ndiko mafuta yanakokwenda. Unaendesha huku umekanyaga breki, dada!"

"Sijakanyaga!"

"Nimeona kwa macho yangu."

Loo! Hapo hasira za mwezi mzima zikanipanda zote kwa pamoja. Nikamwambia, "Mkuu, kwa heshima zote, sasa tumia macho hayohayo kutazama miguu yangu!" Nikawasha, nikaondoka na miguu yote miwili nimeitandaza hewani, na gambuti zangu, kama mtu anayeruka dimbwi. Akina mama waliokuwa wanatoka shamba na majembe begani walisimama pembeni wakaninyooshea vidole, wakacheka mpaka mmoja akatua jembe chini. Jogoo akapiga ukelele. Nikapanda hivyohivyo, polepole, na miguu imenyooka, mpaka honi ikapigwa tena, ndefu.

Mkuu alikuwa ameshavua kofia. Alisimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Taa inawaka," alisema taratibu, "na miguu yako iko hewani."

"Ndiyo, mkuu."

Akainama, akagusa katikati ya gurudumu la nyuma. "Yalaa!" Akaruka, akaanza kuvipuliza vidole. Pale mahali palikuwa pa moto kama chuma cha pasi. Tukainua mfuko wa maharage, tukatazama chini yake, na hapo ndipo tulipoiona.

Kuna chuma kimoja chembamba kinachotoka kwenye pedeli ya breki kwenda kwenye gurudumu la nyuma. Kikivutwa, breki inashika na taa nyekundu inawaka. Wale mama walikuwa wanafunga mzigo kama wanavyofunga kwenye baiskeli. Kwenye baiskeli, mpira unaushusha chini ya karia, unauzungusha kwenye chuma chochote unachokikuta, unavuta kwa goti. Baiskeli vyuma vyake vyote vimetulia mahali pamoja. Pikipiki yangu waliiona ni baiskeli iliyonenepa tu. Mpira ulikuwa umezungushwa kwenye chuma cha breki, ukavutwa juu, ukafungwa kwa fundo ambalo hata ng'ombe asingelikata. Kadiri mzigo ulivyokuwa mkubwa ndivyo walivyokaza. Kila wiki nilipanda milima ya Kibondo na breki imeshika, nafika mjini, nakata mipira uani, ugonjwa unaondoka, kisha napeleka pikipiki nzima kwa fundi na kumlazimisha aone maradhi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na changu kilikuwa kimefungwa kwenye karia.

Mkuu alianza kucheka. Sikuwahi kujua kama anaweza. Alicheka akashika mpini wa pikipiki yake asianguke. Mimi nikalia. Nililia kwa hasira, na kwa sababu nilikuwa nimeitwa mwizi bila neno lenyewe kutamkwa, na mtu unajiteteaje kwa neno ambalo halijatamkwa?

Alipoona machozi akaacha kucheka.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nilikudhania vibaya. Lakini mizigo hii, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nini, mkuu?"

Alifikiri. Ni mtu wa haki, sikatai. "Ningesema ni rushwa," alijibu.

Tukafungua vyote pale barabarani. Akasema mzigo ni mkubwa kwa pikipiki moja, tugawane. Alipomaliza kufunga, yeye mwenyewe, taratibu, huku akichungulia kila chuma, jogoo na mkungu wa ndizi vilikuwa kwake. Nikamwonyesha ile njia yangu ya uchochoroni tulipokaribia mjini. Akatikisa kichwa, akashika barabara kuu. Tukapita sokoni, tukapita mbele ya ofisi, mkuu mbele, mimi nyuma, na jogoo mwekundu juu ya ndizi anawasalimia watumishi wote kwa sauti ya kuamsha mji. Mwenzangu wa mifugo alikuwa amesimama barazani. Mkuu akapunguza mwendo kidogo tu.

"Pikipiki haina tatizo," alimwambia. "Na mwenyewe pia hana."

Ile kofia mpya nilimwona nayo baadaye, ameivaa anaendea sokoni kwa miguu siku ya mvua.

Wiki iliyofuata nilirudi kijijini kuwaeleza. Niliwaketisha wote chini ya paa la ghala, nikawaonyesha kile chuma, nikakivuta kwa mkono waone gurudumu linavyogoma. Walishika midomo. Nilidhani mama mwenyekiti ataona haya, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumpoza. Alikigusa kile chuma kwa kidole, kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe tulikuwa tunakushika," alisema. "Mdomo unasema nenda salama, mikono inasema kaa."

Nilikuwa mbali na kwetu mwaka wa pili sasa. Mama yangu mzazi nilikuwa namsikia kwenye simu tu, mtandao ukiwa na huruma. Nilimkumbatia yule mama mwenyekiti pale mbele ya wenzake, na nadhani nilimlowesha bega.

Jioni akanipa mpira mkononi. "Leo funga mwenyewe, fundi." Adabu ikavunjwa, mgeni akafunga mzigo wake, na wote wakasimama kunitazama. Nilifunga kwa uangalifu mkubwa na kwa upumbavu mkubwa zaidi. Sijafika mbali, ndizi zikaporomoka barabarani. Nikageuza. Walikuwa hawajaondoka pale waliponisindikiza, wameshikana mabega kwa kicheko. Wakafunga wao, upya, nikiwaonyesha mahali pa kupitisha, na mama mwenyekiti akakagua fundo.

Nikapanda ule mlima gia ya tatu. Taa ya nyuma ilikuwa imezima, na nililijua hilo bila kugeuka, kwa sababu walinipigia kelele mpaka nikafika juu: "Imezima! Nenda! Imezima, nenda!"